Kutoka Kadi hadi Laini Pachikwa: Uhamishaji wa Laini za Simu na Nafasi ya Mtumiaji katika Uganda na Nchi Jirani

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna laini pachikwa, inayojulikana kibiashara kwa jina la eSIM, inavyochukua nafasi ya kadi ya kuchomekwa katika simu za mkononi, na yanachunguza maana ya mabadiliko hayo kwa watumiaji wa Uganda na nchi jirani. Hoja kuu ni kwamba kadi haikuwa chombo cha kuhifadhia utambulisho tu. Ilimwezesha mtumiaji kuihamisha laini yake kwa mkono wake mwenyewe, bila kuomba idhini ya yeyote. Laini pachikwa inauhamishia uwezo huo kwenye seva za kampuni za simu na programu za watengenezaji wa simu. Makala yanapendekeza kwamba haki ya kuhamisha na kurejeshewa laini iwekwe katika kanuni za mawasiliano kabla ya uondoaji wa kadi kuhimizwa.

1.0 Utangulizi

Katika mji wa Busia, wenye jina moja pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, si ajabu kumkuta mchuuzi wa mahindi mwenye simu moja na laini tatu. Mbili zimo ndani ya simu: moja ya Kenya, nyingine ya Uganda. Ya tatu imefungwa katika kipande cha karatasi ndani ya pochi, nayo huchomekwa siku ile tu ambapo mteja fulani analipa kupitia mtandao ule. Simu ikiisha chaji, mchuuzi huyo huichomoa laini anayoihitaji, akaomba simu ya jirani, akafanya muamala wake, kisha akaichomoa tena. Hakuna aliyemwomba ruhusa, wala hakuna fomu aliyojaza.

Mwenendo huu, ambao umezoeleka kiasi cha kutotazamwa tena, unategemea jambo moja: laini ni kitu kinachoshikika. Mwezi Septemba 2022 kampuni ya Apple ilizindua simu ya iPhone 14 ambayo toleo lake la Marekani halikuwa na tundu la kadi kabisa. Mwaka 2025 mpango huo ulipanuliwa: toleo la iPhone 17 linalouzwa Oman, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait na Bahrain nalo halina tundu, na iPhone Air haina tundu popote inapouzwa. Nchi hizo za Ghuba si za mbali kwetu. Ndiko wanakofanya kazi maelfu ya vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi, na ndiko zinakotoka simu nyingi ambazo hurudi nyumbani ndani ya mabegi yao au kuingia katika maduka ya simu zilizotumika. Kwa maneno mengine, uamuzi wa kuiondoa kadi umeanza kutufikia kabla hatujaujadili, nao haukupitia katika bunge lolote la eneo hili.

Baadhi ya kampuni za simu katika nchi zetu tayari hutoa laini pachikwa sambamba na kadi. Mijadala mingi ya kisera kuhusu teknolojia hii hujikita katika usalama na katika kwenda na wakati. Hayo yana uzito wake, lakini makala haya yanauliza swali jingine: kadi ilimpa mtumiaji uwezo gani ambao hakuna sheria iliyouandika kwa sababu haukuhitaji kuandikwa?

2.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kuingia katika ufafanuzi, inafaa kuzungumzia majina. Katika Kiswahili cha Kenya, Tanzania na Uganda, neno lililoenea ni laini. Neno hili hubeba mambo matatu kwa pamoja: kadi yenyewe, nambari ya simu, na usajili wa mtu katika mtandao. Tunasema laini imepotea tukimaanisha kadi, laini imefungwa tukimaanisha usajili, na nipe laini yako nyingine tukimaanisha nambari. Mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili huishi jirani na Kifaransa, watu hutumia zaidi jina la Kifaransa la chipu, nalo hubana maana kwenye kile kitu kinachoshikika.

Jina eSIM lina tatizo la pekee kwa wasemaji wa Kiswahili. Likitamkwa kwa kufuata sauti za lugha yetu na kupewa irabu ya mwisho, linakuwa isimu, yaani elimu ya lugha, taaluma ya wengi wanaosoma juzuu hii. Likifupishwa, linabaki simu, ambacho ni kifaa kizima wala si kijisehemu chake. Makala haya yanatumia laini pachikwa kwa teknolojia hii mpya na laini ya kadi kwa ile ya zamani, kwa sababu mbili. Kwanza, neno laini halijawahi kufungwa kwenye plastiki, hivyo linaweza kuvuka upande wa pili bila kupoteza maana. Pili, kitenzi pachika kinaeleza kwa usahihi kilichotokea: chipu imepachikwa katika ubao wa simu kiwandani, na mtumiaji hawezi kuibandua. Jina eSIM linatajwa pale tu linapohitajika.

3.0 Laini ya Kadi Inavyofanya Kazi

Kadi za kwanza za SIM zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, ambayo iliiuzia kampuni ya simu ya Radiolinja ya Ufini kadi 300. Zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki. Baadaye zikapunguzwa hadi milimita 25 kwa 15, kisha 15 kwa 12, na mwaka 2012 zikafika milimita 12.3 kwa 8.8, ukubwa unaotumika hadi sasa katika simu janja. Kilichopunguzwa miaka yote hiyo ni plastiki; chipu iliendelea kuwa kompyuta ndogo yenye kichakataji, kumbukumbu na programu zake.

Ndani ya kompyuta hiyo mna mambo mawili ya msingi. La kwanza ni nambari ya utambulisho wa mteja yenye hadi tarakimu 15, ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo huonyesha nchi: 641 kwa Uganda, 639 kwa Kenya, 640 kwa Tanzania, 635 kwa Rwanda, 642 kwa Burundi na 630 kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. La pili ni ufunguo wa siri. Nakala ya ufunguo huo imo katika kituo cha uthibitishaji cha kampuni ya simu, na haimo mahali pengine. Simu inapowashwa, mtandao huitumia kadi nambari ya nasibu, yaani nambari isiyotabirika. Kadi huichanganya nambari hiyo na ufunguo wake, ikatoa jibu. Mtandao nao hufanya hesabu ileile upande wake. Majibu yakilingana, simu hupokelewa. Ufunguo wenyewe hausafiri hewani hata mara moja.

Msomaji atambue kwamba nambari ya simu tunayopeana, ile inayoanza na 07 au kwa msimbo wa nchi, haimo katika ukaguzi huu. Nambari hiyo hukaa katika daftari la kampuni, ambamo imeunganishwa na utambulisho wa kadi. Ndiyo maana mtu aliyepoteza kadi anaweza kupewa nyingine yenye nambari ileile: kampuni hukata uzi unaounganisha nambari na kadi ya zamani, ikaufunga kwenye kadi mpya. Na ndiyo maana pia kuna utekaji wa laini. Tapeli hahitaji kunakili kadi ya mtu, kazi ambayo ni ngumu sana. Humshawishi au humhonga mhudumu aufunge uzi ule kwenye kadi aliyonayo yeye, na baada ya dakika chache ujumbe wote wa benki na wa pesa za simu unaingia kwake. Udhaifu uko katika daftari na katika binadamu anayeliandika. Jambo hili litarejewa, kwani laini pachikwa mara nyingi huuzwa kwa ahadi ya kuumaliza udhaifu huo.

4.0 Laini Pachikwa Inavyofanya Kazi

Viwango vya laini pachikwa vilitungwa na GSMA, jumuiya ya kimataifa ya kampuni za simu. Vilianza kwa mashine, kama vile magari na mita, ambazo hakuna mtu wa kuzifikia ili kubadili kadi. Viwango vya watumiaji wa kawaida vilifuata mwaka 2016, na mwaka huohuo saa ya Samsung Gear S2 ikawa miongoni mwa vifaa vya kwanza kuvitumia. Simu ya Google Pixel 2 ilifuata mwaka 2017, na iPhone XS na XR mwaka 2018.

Tofauti kubwa ni hii. Katika kadi, chipu na utambulisho wa mteja vilikuwa kitu kimoja: kampuni ya simu ilinunua chipu, ikatia ufunguo wake, ikamwuzia mteja. Katika laini pachikwa, vitu hivyo viwili vimetenganishwa. Chipu inakuja na simu kutoka kiwandani ikiwa tupu, ikiwa na nambari yake ya utambulisho yenye tarakimu 32 pamoja na cheti cha kidijitali kinachothibitisha kwamba ni chipu halisi. Utambulisho wa mteja, pamoja na ufunguo wa siri na programu ndogo za kampuni, hukusanywa katika faili moja linaloitwa wasifu. Wasifu huandaliwa katika seva maalumu ya kampuni ya simu au ya mkandarasi wake.

Mteja anaposajiliwa hupewa msimbo wa QR, ambao kwa kweli ni anwani ya seva na nywila ya kuchukulia wasifu wake. Programu iliyomo ndani ya simu huusoma msimbo, ikaiendea seva kupitia intaneti. Chipu na seva hukaguana vyeti. Seva hulisimba faili kwa namna ambayo chipu ile moja tu, kati ya chipu zote duniani, inaweza kulifungua. Chipu hulipokea, ikalifungua ndani kwa ndani, na kuanzia hapo hutenda kazi ileile ya kadi: nambari ya nasibu, hesabu, jibu. Chipu moja huweza kuhifadhi wasifu kadhaa, na simu nyingi za sasa huruhusu mbili kuwa hewani kwa wakati mmoja.

Kutokana na maelezo haya, matokeo mawili yafaa kuangaliwa kwa makini. Kwanza, wasifu ukishaingia katika chipu hauwezi kunakiliwa wala kutolewa kupelekwa kwingine. Unaweza kufutwa tu. Kuhamia simu nyingine kunamaanisha kuandaliwa wasifu mpya na seva, ama kwa kuiomba kampuni ya simu, ama kupitia huduma ya kuhamisha iliyomo ndani ya simu, ambayo hufanya kazi pale tu kampuni ya simu ilipokubali kuiunga mkono. Msimbo wa QR wa kwanza, kwa kawaida, hautumiki mara ya pili. Pili, kuchukua wasifu kunahitaji intaneti. Anayenunua laini kwa sababu hana intaneti itambidi kwanza aiazime kwa mwingine.

5.0 Manufaa

Manufaa ya teknolojia hii ni ya kweli. Mwizi wa simu yenye laini ya kadi huichomoa kadi, akaichomeka katika simu yake, na kwa kuwa wengi hatuwashi nambari ya siri ya kadi, anaanza kupokea misimbo ya benki ya mwenye laini. Laini pachikwa inamfungia mlango huo: laini iko nyuma ya kifungo cha skrini, na mwizi hawezi kuinyamazisha simu kwa kuchomoa kadi. Msafiri naye anaweza kupata laini ya nchi anayokwenda kabla ya kupanda ndege.

Lipo pia suala la usafirishaji wa funguo. Mwezi Februari 2015 nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden zilionyesha kuwa mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza yalikuwa yameilenga kampuni ya Gemalto, mtengenezaji mkubwa wa kadi, kwa nia ya kunasa funguo za siri zilipokuwa zikitumwa kutoka kiwandani kwenda kwa kampuni za simu. Mtindo wa kumwandalia kila mteja faili lililosimbwa kwa ajili ya chipu yake unapunguza njia za aina hiyo. Hata hivyo hauzifungi zote. Julai 2025 watafiti wa Security Explorations wa Poland walitangaza kwamba waliweza kuvunja ulinzi wa chipu ya kampuni ya Kigen kwa kutumia wasifu wa majaribio, na GSMA ikalazimika kurekebisha kiwango kinachohusu wasifu huo.

Kuhusu utekaji wa laini, kauli za matangazo zinapaswa kupokewa kwa tahadhari. Uzi kati ya nambari na utambulisho bado uko katika daftari la kampuni. Tapeli aliyemshawishi mhudumu sasa hahitaji hata kadi mkononi. Anatumiwa msimbo wa QR popote alipo. Kama taratibu za kumtambua mwombaji ni dhaifu, laini pachikwa inauharakisha wizi uleule.

6.0 Kile Ambacho Kadi Ilikuwa Ikifanya Kimyakimya

Katika familia nyingi za vijijini simu ni moja na laini ni nyingi. Mama ana laini yake, kijana aliyemaliza shule ana yake, babu ana ya kwake inayopokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Kampala au Muscat. Simu hupita mkono hadi mkono. Laini hubaki mali ya mtu. Ni vigumu kueleza uzito wa jambo hili kwa mtunga sera ambaye amekuwa na simu yake mwenyewe kwa miaka 20: mtu asiye na simu anaweza kuwa na laini, na mwenye laini ana nambari, ana akaunti ya pesa, ana mahali pa kupatikana. Kadi ndiyo iliyowezesha umiliki huo usio na kifaa. Laini pachikwa, kwa maumbile yake, haiwezi kuwa na mwenyewe asiye na simu, na katika nyumba ya simu moja laini zote zitakuwa ndani ya kifaa cha yule anayeishika simu. Ni rahisi kukisia kuwa mara nyingi huyo hatakuwa mama.

Pili ni suala la simu kuharibika. Mwaka uliopita simu ya mwandishi wa makala haya ilianguka, kioo kikafa. Laini yake ilikuwa pachikwa. Kuihamisha kulihitaji kuingia katika programu ya kampuni, na programu ilitaka ithibitishe mwombaji kwa kutuma msimbo kwenye nambari ileile iliyokuwa imezikwa ndani ya simu iliyokufa. Tawi la karibu halikuwa na mhudumu wa laini za aina hiyo. Tawi lenye mhudumu lilikuwa mji mwingine. Zilipita siku tatu. Kwa mtu mwenye mshahara na akaunti ya benki, siku tatu ni usumbufu. Kwa mchuuzi ambaye mtaji wake wote umo katika pochi ya simu, ni siku tatu bila mtaji. Kwa laini ya kadi, tatizo hilohilo lingemalizwa kwa pini na simu ya kuazima.

Hapa ndipo penye uzito wa mada hii kwa eneo letu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwezi Machi 2007, na huduma ya MTN Uganda miaka miwili baadaye, laini imekuwa ufunguo wa fedha. Kenya, menyu ya M-Pesa ilikaa ndani ya kadi yenyewe, hata wateja wa mwanzo wakalazimika kubadili kadi zao ili waipate. Uganda, mteja wa MTN hupiga *165# na menyu hutoka kwenye mtandao. Mifumo yote miwili inaweza kufanya kazi katika laini pachikwa, kwa kuwa wasifu huweza kubeba programu ndogo zilezile zilizokuwa katika kadi. Kikwazo hakimo katika matumizi ya kila siku. Kimo katika ile siku moja mbaya ambapo kifaa kimekufa na mwenye fedha anataka kuzifikia.

Tatu ni simu zenyewe. Laini pachikwa inahitaji chipu ambayo simu nyingi za bei ya chini hazina. Simu za vitufe, ambazo Tanzania huitwa vitochi na Kenya mulika mwizi, zimeundwa kwa kadi, nyingi zikiwa na matundu mawili. Kwa sasa hakuna anayependekeza waziwazi kuziondoa. Lakini mabadiliko ya aina hii hayahitaji pendekezo la wazi. Uganda ilishuhudia mwaka 2018 jinsi kadi za kukwangua za muda wa maongezi zilivyoondolewa sokoni kwa agizo la Tume ya Mawasiliano, na ununuzi ukahamia kwenye njia za kielektroniki. Sababu zilizotolewa zilikuwa na mantiki, na watu wakazoea. Ila wakati ule kilichoondolewa kilikuwa bidhaa ya kununuliwa na kutupwa siku hiyohiyo. Laini ni kitu cha kukaa nacho miaka.

7.0 Nani Anashika Ufunguo

Wapo wanaosema kwamba laini pachikwa inampa mteja uhuru zaidi, kwani anaweza kuhama kampuni kwa kubofya. Kinadharia ni kweli, na pengine ndiyo sababu kampuni za simu zilisita mwanzoni. Mwaka 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilichunguza madai kwamba kampuni kubwa za simu za nchi hiyo, kwa kushirikiana na GSMA, zilikuwa zikitumia utungaji wa viwango vya laini pachikwa kuzuia ushindani na kuwafunga wateja. Uchunguzi ulihitimishwa Novemba 2019, baada ya GSMA kukubali kubadili utaratibu wake ili wasio kampuni za simu wawe na sauti kubwa zaidi katika kutunga viwango hivyo.

Funzo kwa watunga sera wetu ni kwamba viwango hivi havikushuka kutoka mbinguni. Ni matokeo ya majadiliano kati ya wenye mitandao na wenye viwanda vya simu, wawili ambao kila mmoja alitaka kumshika mteja. Katika majadiliano hayo Afrika Mashariki haikuwa na kiti chenye uzito, na mtumiaji wa laini tatu kwenye simu moja hakuwa mteja aliyefikiriwa. Hata hivyo viwango vyenyewe vina nafasi ambayo haijatumiwa vya kutosha: havilazimishi chipu iunganishwe na ubao wa simu. Zipo kadi za kuchomekwa ambazo ndani yake mna chipu yenye uwezo wa kupokea wasifu kutoka kwenye seva. Kadi ya aina hiyo humpa mtumiaji faida ya kupakua laini mpya na uwezo wa kuichomoa akahamia simu nyingine yenye tundu. Haizungumzwi sana, labda kwa sababu haimfaidishi mtengenezaji wa simu wala haimpendezi sana mwenye mtandao.

8.0 Usajili na Mipaka

Usajili wa laini Uganda ulianza mwaka 2012, na mwaka 2017 wateja walitakiwa kuhakiki laini zao kwa kitambulisho cha taifa. Kenya ilitunga kanuni zake za usajili mwaka 2015, na Tanzania iliingia katika usajili wa alama za vidole uliofikia kilele kwa uzimaji wa laini mwezi Januari 2020. Mifumo yote hii ilijengwa juu ya dhana kwamba kuna mahali ambapo mtu, kitambulisho na kadi hukutana: meza ya wakala chini ya mwavuli. Laini pachikwa inaiondoa kadi katika mkutano huo, na kwa msafiri inauondoa mkutano wote. Mgeni anayeshuka Entebbe akiwa na laini ya data aliyoinunua kwa muuzaji aliye nchi nyingine anatumia minara yetu kama mgeni wa mtandao, bila kuingia katika daftari letu la usajili. Uturuki ililijibu tatizo kama hili Julai 2025 kwa kuzifunga tovuti za baadhi ya wauzaji hao. Sidhani kwamba njia hiyo inatufaa sisi ambao utalii ni riziki yetu, lakini kunyamaza nako kunazaa hali ya ajabu, ambapo mwananchi hutoa alama za vidole na mgeni hatoi chochote.

Kuhusu mipaka yetu ya ndani, Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014 utaratibu wa eneo moja la mtandao, uliopunguza gharama za kupiga simu baina yao. Utaratibu huo ulihusu mazungumzo. Pochi za simu zilibaki kila moja na nchi yake, na hiyo ndiyo sababu mchuuzi wa Busia bado ana laini ya tatu katika kipande cha karatasi.

9.0 Mapendekezo kwa Watunga Sera

Pendekezo la kwanza, na kwa maoni ya makala haya ndilo kubwa, ni kuiandika haki ya kuhamisha laini. Kanuni ziseme kwamba mteja wa laini pachikwa ataihamishia laini yake kwenye simu nyingine, au kuirudisha kwenye kadi, bila malipo na ndani ya saa zinazotajwa, katika kituo chochote kinachosajili laini. Kampuni isiyoweza kutoa huduma ya kurejesha katika wilaya fulani isiruhusiwe kuhamasisha laini pachikwa katika wilaya hiyo.

Utaratibu wa kurejesha usitegemee msimbo unaotumwa kwenye laini inayorejeshwa. Alama za vidole zilizochukuliwa wakati wa usajili zipo. Zitumike kumtumikia mwenyewe na si kumfuatilia tu. Kwa upande mwingine, kurejesha kuwe kwepesi bila kumrahisishia tapeli: baada ya laini kurejeshwa, utoaji wa fedha nyingi unaweza kucheleweshwa kwa muda mfupi huku kiasi kidogo cha matumizi ya siku kikiruhusiwa. Kiasi hicho kipangwe kwa kuwasikiliza wachuuzi, kwa kuwa kinachoonekana kidogo ofisini ni mtaji mzima sokoni.

Simu isiyo na tundu la kadi iuzwe ikiwa na maelezo ya wazi kwa lugha inayoeleweka, Kiswahili kikiwemo, yakimwambia mnunuzi kwamba hawezi kuhamisha laini kwa mkono. Kadi za kuchomekwa zenye chipu ya kupokea wasifu nazo zijadiliwe kwa uzito katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kama njia ya kati.

Linabaki suala la mpaka. Tangu mwaka 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wameweza kuvuka kwenda nchi za wenzao hao kwa kitambulisho cha taifa. Mchuuzi wa Kampala ambaye simu yake imevunjika upande wa Kenya wa Busia anavuka lango kwa kitambulisho hicho, lakini duka la simu lililo mita chache kutoka langoni haliwezi kukisoma, kwa sababu daftari la usajili wa laini liko nchi nyingine. Kama laini yake ni ya kadi, ataazima simu na kuendelea na biashara. Kama ni pachikwa, itambidi arudi upande wa pili, atafute tawi, na mzigo wake wa mahindi usubiri juu ya lori. Wadhibiti wa nchi hizi wana vikao vya pamoja kuhusu gharama za simu na masafa. Kikao kimoja kuhusu kurejesha laini kati ya nchi na nchi kingetosha kuanzia, na kingefaa kifanyike kabla simu zisizo na tundu hazijawa nyingi masokoni.